Alama zinapokushangaza: kutafuta kasoro kwenye maswali ya kupima uelewa wa fizikia

Haya nawaandikia walimu wenzangu wa fizikia, hasa tunaofundisha wanaoanza somo na kujitungia maswali yetu ya darasani. Mimi niko Lamu, na mifano mingi nimeitoa hapa kisiwani na bara ya Mokowe, Hindi na Mpeketoni.

Ninashikilia jambo moja. Alama zikikushangaza, ziwe juu au chini, shuku karatasi kabla ya kumshuku mtoto. Swali linaweza kukoswa kwa sababu nyingi, na kutoelewa fizikia ni mojawapo tu. Vilevile linaweza kupatwa kwa sababu nyingi, na kuelewa fizikia ni mojawapo tu. Tunapomwandikia mtoto kwamba hajui kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta), na kumbe hakujua kile kifaa kilichotajwa kwenye swali, tumemdhulumu, na huenda akaliacha somo akiamini kwamba halimfai.

Kabla ya kuanza kutafuta kasoro, hakikisha karatasi za wanafunzi bado unazo. Orodha ya jumla ya alama haitoshi. Chora jedwali kwenye daftari: majina yashuke pembeni, namba za maswali zipite juu, na ndani uandike herufi aliyoichagua kila mtoto, hata kama amekosa. Majibu yaliyokosewa ndiyo yenye habari. Kwa darasa la watoto 45 ni kazi ya jioni moja, na bila jedwali hilo yote yanayofuata ni kubahatisha.

Dalili: hesabu wanapata, maelezo wanaanguka

Hii ndiyo inayojitokeza zaidi, na si ya kwetu peke yetu. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alikutana nayo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi wake walikuwa wakifanya hesabu ngumu bila shida. Akawapa jaribio la maswali mepesi ya kani na mwendo, yasiyo na hesabu hata moja, na mwanafunzi mmoja akamuuliza: ajibu kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri yeye mwenyewe? Ukilisikia swali kama hilo darasani kwako, umeshapata nusu ya utambuzi.

Namna ya kuthibitisha ni kutunga maswali mawili ya fizikia ile ile, moja la tarakimu na moja lisilo na tarakimu. Tuchukue umeme.

La kwanza: betri ya volti 12 imeunganishwa na rezista tatu, A, B na C, kwa mfululizo, kila moja omu 2. Waya wenye swichi umeunganishwa kutoka upande mmoja wa C hadi upande wake wa pili. Tafuta mkondo wa umeme kabla waya huo haujapitisha umeme na baada ya kuupitisha.

Mwanafunzi aliyefanya mazoezi atakupa amperi 2, kwa sababu 12 ukigawa kwa 6 ni 2. Kisha atakupa amperi 3, kwa kuwa C imerukwa na zimebaki omu 4.

La pili: ondoa rezista, weka balbu tatu zinazofanana, A, B na C. Waya ule ule ukianza kupitisha umeme, mwanga wa A utaongezeka, utapungua, au utabaki vile vile? Na C je? Eleza kwa nini.

Hapa ndipo darasa linapogawanyika. Wengi watasema C inazimika, na ni kweli. Lakini kuhusu A watakuambia haibadiliki, kwa sababu umeme "umeshaipita" kabla ya kufika C. Yaani wanauona umeme kama msafiri anayekutana na balbu moja baada ya nyingine, asiyejua kilichoko mbele yake. Wengine watasema A haibadiliki kwa sababu betri ni ile ile, kwa hiyo mkondo ni ule ule. Hao wanaamini kwamba betri hutoa mkondo usiobadilika wakati wote, wakati ambapo inachojitahidi kushikilia ni volteji. Mtoto huyo huyo, kwenye swali la kwanza, ameandika kwa mkono wake kwamba mkondo umepanda kutoka 2 hadi 3. Hajaona kwamba ni jambo lile lile.

Sasa soma jedwali lako. Aliyepata la tarakimu akakosa la balbu amejifunza njia ya kupita: tafuta namba, tafuta fomula, bandika. Huyo anahitaji kufundishwa dhana, na alama yake ya hesabu isikudanganye. Aliyepata la balbu akakosa la tarakimu anaielewa fizikia na ana shida ya hesabu. Ukijumlisha maswali yote mawili bila kutenganisha, hao wawili watapata alama sawa na utawapa dawa moja, ilhali maradhi ni mawili. Aliyekosa yote mawili, mwite na umpe mchoro akuonyeshe kwa kidole umeme unapita wapi. Mara nyingi shida iko kwenye kuusoma mchoro.

Tahadhari moja kuhusu swali hili. Usiandike tu kwamba swichi "imefungwa". Chora picha mbili, moja swichi ikiwa wazi na nyingine ikiwa imegusana. Kwenye nyumba zetu kufunga taa ni kuizima, na mtoto anayelisoma swali hivyo atakujibu kinyume kabisa huku fizikia yake ikiwa timamu.

Dalili: swali moja linawaangusha watoto wa kundi moja

Jumla ya alama zao ni sawa na za wenzao, lakini kwenye swali la 7, tuseme, wasichana karibu wote wamekosa, au waliotoka bara wamekosa, au wanaokaa visiwani wamekosa. Hiyo si ajali. Tazama mandhari ya swali kabla hujatazama kitu kingine.

Jaribio linalotumika zaidi duniani kwa kani na mwendo ni Force Concept Inventory, maarufu kama FCI. Lilitolewa mwaka wa 1992 na David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer huko Marekani, na toleo lililorekebishwa mwaka wa 1995 lina maswali 30. Nalipenda na nimejifunza mengi kwalo. Lakini ndani yake kuna kidude cha hoki, mchezo wa kwenye barafu, kinachoteleza mahali pasipo na msuguano, kuna lifti, na kuna mpira mzito wa bowling unaodondoka kutoka kwenye ndege. Kwa mtoto wa Faza au Matondoni, barafu ni ile ya kwenye glasi. Huko huko kwao, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba baadhi ya maswali hayo hayakuwatendea haki sawa wasichana na wavulana hata pale uelewa wao ulipolingana. Kama kwao limetokea, kwetu tusilichukue jaribio zima kama lilivyo na kulitundika ukutani.

Suluhisho la haraka analolikimbilia mwalimu wa pwani ni kubadilisha kidude cha hoki kuwa mashua. Ngoja kwanza. Mashua ni mandhari ya Lamu lakini si ya kila mtoto wa Lamu. Mtoto wa nahodha anajua foromali inavyokaa na tanga linavyojaa upepo. Mtoto wa mkulima wa Mpeketoni anaijua pamba na korosho. Msichana wa mtaa wa Langoni huenda amepanda boti mara nyingi akiwa abiria, lakini hajawahi kushika usukani wala pondo. Ukiandika swali linalotaka mtu ajue kinachotokea nahodha anaposhusha tanga, umehamisha upendeleo kutoka Marekani ukauleta gatini.

Kuna hatari nyingine, na hii imekaa ndani zaidi. Mtoto anayeijua bahari kweli kweli anaweza kukosa swali kwa sababu anaijua. Tazama swali hili, ambalo sura yake utaikuta kwenye karatasi nyingi: "Mashua inakwenda kwa tanga. Tanga likishushwa, nini kitatokea?" Mwongozo wa kusahihisha unataka "itaendelea na mwendo wake kwa sababu ya inesha", yaani tabia ya kitu kuendelea na mwendo kilionao. Mvulana mmoja aliandika: "Itakwenda kidogo kisha itasimama, maji yanaizuia. Ndiyo maana nahodha hushusha tanga kabla ya kufika gatini." Kwa mwongozo ule amekosa. Kwa fizikia amejibu vizuri kuliko mwongozo: ameona kwamba chombo hakisimami papo hapo, na ametaja kani inayokisimamisha. Swali ndilo lililosahau kwamba bahari ina ukinzani.

Rekebisho lake si kuiondoa mashua. Ni kuandika majibu yanayotenganisha mawazo yanayofanana kwa nje:

A. Mashua inasimama papo hapo, kwa sababu hakuna tena kani ya kuisukuma.
B. Mashua inaendelea mbele huku kasi ikipungua, kwa sababu maji yanaizuia.
C. Mashua inaendelea mbele huku kasi ikipungua, kwa sababu kani ya upepo iliyobaki ndani yake inakwisha polepole.
D. Mashua inaendelea kwa kasi ile ile mpaka ifike gatini.

B na C zinaeleza mwendo ule ule machoni. Tofauti iko kwenye sababu, na hapo ndipo uelewa ulipo. Anayechagua C anaamini kwamba kitu kinachokwenda lazima kibebe kani ndani yake, dhana potofu iliyo kongwe sana kwenye somo hili. Swali la mwanzo lisingeweza kumtenganisha na anayejua. Na hapa mtoto wa mkulima hapungukiwi na kitu, kwa sababu ameshaambiwa yote anayohitaji kuyajua kuhusu chombo chenyewe.

Ukitaka kuhakikisha kwamba mandhari ndiyo chanzo, tunga swali hilo kwa sura mbili. Sura ya pili iwe ya kitu ambacho kila mkono umekigusa: ndoo, mlango, mpira, mkokoteni. Nusu ya darasa wape sura moja, nusu nyingine sura ya pili, kwa kuchanganya karatasi na si kwa kugawa safu za viti (marafiki hukaa pamoja, na marafiki hufanana). Kundi linalokosa mashua na kupata mkokoteni halina shida ya fizikia.

Dalili: darasa zima limepata chini ya kubahatisha

Swali lina majibu manne. Mtu anayefumba macho atapata mara 1 kati ya 4, yaani asilimia 25. Darasa lako limepata asilimia 10. Mwalimu anasikitika. Mimi naona hapa kuna kitu cha thamani, ila kwanza angalia mwongozo wako. Herufi iliyokosewa wakati wa kuchapa ni chanzo cha kawaida kuliko tunavyopenda kukiri.

Mwongozo ukiwa sawa, tazama majibu yaliyokosewa yameangukia wapi. Yakitawanyika, watoto hawakulielewa swali lenyewe au hawakufika kwenye mada. Yakirundikana kwenye herufi moja, umegusa dhana potofu, na swali lako ni zuri sana. Usilitupe.

Mfano unaorundika majibu karibu kila mahali: chungwa limerushwa juu wima. Likiwa bado linapanda, baada ya kutoka mkononi, kani gani zinalivuta au kulisukuma? (Upuuze hewa.) Watoto wengi watasema kuna kani ya mkono inayolipandisha, inapungua kadiri linavyopanda, na kileleni inalingana na uzito. Jibu ni uzito peke yake, kuanzia lilipouacha mkono mpaka linaporudi. Swali hili litaonyesha asilimia ndogo sana mwanzoni mwa muhula, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Majibu ya kutega usiyatunge mezani kwako ukiwa peke yako. Hapo ndipo maswali mengi ya kuchagua yanapokufa: jibu moja la kweli na matatu ya kipuuzi ambayo hayamtegi mtu. Uliza swali hilo wazi kwanza, bila herufi, kwa darasa jingine. Kusanya wanayoyaandika na uchukue makosa matatu yanayojirudia zaidi, kwa maneno yao. FCI nayo ilijengwa hivyo, juu ya mawazo ya wanafunzi wenyewe, na ndiyo sababu majibu yake ya uongo yanavutia.

Dalili: wanafunzi wazuri wanakosa, dhaifu wanapata

Hii inapimika kwa tarakimu, na mwalimu hahitaji kompyuta. Panga karatasi kwa jumla ya alama. Chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, kiwango kilichozoeleka tangu mtaalamu wa takwimu Truman Kelley alipokitetea mwaka wa 1939. Kwa darasa la 45 ni kama watoto 12 kila upande. Kwa kila swali hesabu waliopata juu, toa waliopata chini, gawa kwa 12.

Juu wamepata 10 na chini wamepata 4: 6 kugawa kwa 12 ni 0.5. Swali linatenganisha vizuri. Juu 11, chini 10: ni 0.08, halitenganishi kitu, labda ni jepesi tu. Juu 5, chini 8: ni -0.25. Hapo simama. Kipimo kikiwa chini ya sifuri, karibu kila mara swali ni bovu au mwongozo ni mbovu. Kwa kawaida 0.3 na kuendelea huhesabiwa kuwa nzuri. Ila kwa makundi ya watoto 12, mmoja tu akibadilisha jibu anasogeza kipimo kwa 0.08, kwa hiyo usilihukumu swali kwa tofauti ndogo.

Kisa kinachojirudia kwenye jozi za kani (kitu kikisukuma au kuvuta kingine, nacho husukumwa au kuvutwa na hicho kwa kani sawa na ya kinyume): "Kitabu kimelala mezani. Kani ipi ni jozi ya uzito wa kitabu kwa sheria ya tatu ya Newton?" Miongozo mingi inasema ni meza inavyokisukuma kitabu juu. Si kweli. Uzito wa kitabu ni Dunia inavyokivuta kitabu, kwa hiyo jozi yake ni kitabu kinavyoivuta Dunia. Msukumo wa meza unalingana na uzito kwa sababu kitabu kimetulia, na hilo ni jambo la sheria ya kwanza. Weka meza ndani ya lifti inayoanza kupanda na usawa huo unavunjika, lakini kitabu na Dunia vinaendelea kuvutana sawa sawa. Mwanafunzi aliyesoma kwa kina atachagua Dunia na kunyimwa alama. Aliyekariri "sawa na kinyume" atapewa. Kipimo cha chini ya sifuri kimekufungulia mlango wa kuona hilo, na wanaostahili kuombwa radhi ni wale 12 wa juu.

Dalili: alama zinategemea nani amesahihisha

Maswali ya "eleza kwa nini" ndiyo yanayopima uelewa vizuri zaidi na ndiyo yanayosahihishwa vibaya zaidi. Chanzo kikuu ni mwongozo unaotafuta maneno badala ya mawazo.

Swali: kwa nini meli ya chuma inaelea na msumari wa chuma unazama? Alama 3. Mtoto wa kwanza ameandika: "Kwa sababu ya kanuni ya Archimedes na densiti." Mwingine ameandika: "Meli ni nzito lakini imekaa mahali pakubwa, maji iliyoyasukuma uzito wake ni kama wake. Msumari wasukuma maji kidogo, hata ukizama wote hayafiki uzito wake." Msahihishaji mwenye haraka atampa wa kwanza 2 kwa istilahi na wa pili 1 kwa kutozitaja. Wa pili ndiye aliyeeleza. Wa kwanza ametaja majina tu.

Andika mwongozo wako kwa mawazo: moja, maji yanasukuma juu kwa kani inayolingana na uzito wa maji yaliyosukumwa; mbili, umbo la meli linaiwezesha kusukuma maji ya kutosha kulingana na uzito wake; tatu, msumari hauwezi, hata ukiwa ndani ya maji wote. Alama moja kwa kila wazo, kwa maneno yoyote. Kisha funika majina, na usahihishe swali moja kwa karatasi zote kabla ya kwenda swali linalofuata. Mpe mwenzako karatasi chache bila kumwonyesha alama zako. Mkitofautiana, msibishane kuhusu mtoto. Mrekebishe mwongozo.

Lugha nayo iko hapa. KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari hapa Kenya, huandikwa kwa Kiingereza, na kwa fizikia karatasi ya 1 na ya 2 zina alama 80 kila moja, na ya 3, ya vitendo, ina 40. Ni lazima tuwaandae watoto kwa hilo. Lakini jaribio la darasani la kupima uelewa lina kazi tofauti, na sioni sababu ya kumnyima mtoto lugha anayofikiria nayo. Mtoto aliyeacha swali wazi kwenye karatasi, muulize kwa mdomo, kwa Kiswahili, hata kwa Kiamu chake. Akikueleza vizuri, umepata chanzo: alichopungukiwa ni sentensi za Kiingereza. Hilo lina dawa yake, na si kumrudisha kwenye mada ya kani tangu mwanzo. Na hata kwenye karatasi ya Kiingereza punguza mzigo usio wa fizikia. Sentensi fupi. Usiulize "lipi si kweli isipokuwa", kwa sababu hapo unapima subira.

Dalili: maswali ya mwisho hayajaguswa

Hii ni nyepesi. Yakiwa matupu kwa watoto wengi, muda haukutosha. Yakiwa yamejibiwa kwa kukosea, muda si tatizo. Maswali ya uelewa yanataka mtu afikiri, na dakika moja kwa swali la kuchagua ni kiwango cha chini, si cha juu. Mwezi wa Ramadhani weka jaribio asubuhi. Na kama una watoto wanaovuka maji kuja shuleni, tazama bamvua kabla ya kupanga saa ya kwanza, kwa sababu maji yakipwa sana boti huchelewa na mtoto huingia akihema huku wenzake wako swali la tano.

Dalili: alama zimepanda, uelewa haujapanda

Umewapa jaribio mwanzo wa muhula na ukalirudia mwisho. Wastani umetoka 30 hadi 51. Je, ni maendeleo makubwa? Kipimo kilichozoeleka kinauliza: kati ya kilichokuwa kimebaki kujifunzwa, wamepata kiasi gani? Toa 30 kwenye 51, upate 21. Toa 30 kwenye 100, upate 70. Gawa, ni 0.3. Darasa lililotoka 70 hadi 79 nalo lina 0.3, kwa hiyo usilidharau kwa sababu limepanda pointi 9 tu. Mwanafizikia wa Marekani Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 kwenye kozi 62 na kuyachapisha mwaka wa 1998. Madarasa ya mhadhara wa kawaida yalikuwa na wastani wa 0.23, na yale ambayo wanafunzi walijadiliana na kujaribu wenyewe yalikuwa na 0.48.

Lakini kipimo hicho kina maana tu kama maswali hayajavuja. Ukiona 0.8 na darasani bado wanakuambia chungwa linapandishwa na kani ya mkono, wamekariri karatasi. Thibitisha kwa swali pacha. Kama uliuliza juu ya boti kubwa inayogonga dau dogo (zinasukumana kwa kani sawa, ingawa dau ndilo linaloumia), sasa uliza juu ya mtu mzima anayegongana na mtoto uchochoroni. Aliyeelewa hatayumba. Aliyekariri atarudi kwa "mkubwa anasukuma zaidi".

Kwa hiyo kusanya karatasi za maswali baada ya jaribio, usijadili majibu ya swali moja moja ubaoni, na ufundishe dhana hizo kwa mifano mingine. Swali zuri limechukua muda kulitunga, na likishatoka nje limekufa.

Swali limethibitika bovu na alama zimeshatolewa

Wako walimu wanaompa kila mtu alama ya swali hilo. Mimi naliondoa kwenye jumla: karatasi ya maswali 30 inakuwa ya 29, na asilimia inahesabiwa upya. Kumpa kila mtu alama kunapandisha darasa zima na kuharibu ulinganisho wa mwanzo na mwisho wa muhula. Yuko lakini mtoto ambaye kuondolewa kwa swali kutamshusha, kwa kuwa alilipata. Mwenye 24 kati ya 30 ana asilimia 80, na akiondolewa hilo moja anabaki na 23 kati ya 29, ambayo ni 79. Huyo mwachie alama yake ya zamani kwenye ripoti, na ile mpya uitumie kwenye daftari lako la ulinganisho peke yake. Kisha waambie darasa wazi swali lilikuwa lipi na kasoro yake ilikuwa nini. Walimu wengine wanaogopa kwamba watoto watapoteza heshima. Ninachokiona ni kwamba baada ya hapo wanakuja wenyewe mezani na karatasi mkononi: "Mwalimu, hili nalo mbona lina majibu mawili?" Lisikilize, kisha lirudishe kwenye jedwali.